Risasi za kuzamia hupunguzwa ziwani, haziongezwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nirekebishe jambo moja lililoandikwa katika makala ya utalii ya gazeti lako, ile iliyomshauri msomaji aliyezoea kutazama samaki kwa miwani na mrija katika Bahari ya Hindi afunge safari hadi Ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa ya makala hiyo naiunga mkono. Mwandishi amesema kweli kuhusu uangavu wa maji ya Kigoma, na amesema kweli kwamba miambani humo mna samaki wa jamii ya sikilidi wa spishi zaidi ya 200, ambazo nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Ila karibu na mwisho aliandika kwamba, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito na ya ziwa ni mepesi, mtu anayefunga baharini mkanda wa risasi, yaani mkanda wenye vipande vya metali ya risasi vya kumsaidia kushuka majini, aongeze kilo mbili afikapo ziwani ili aweze kushuka. Ukweli ni kinyume kabisa. Kilo mbili hizo ni za kuondoa.

Mimi ni mwongoza wageni majini. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 19, kumi na sita nikiwa Nungwi, Unguja, na kuwapeleka wageni kisiwani Mnemba, na mitatu iliyobaki nikiwa hapa Kigoma. Najua kwamba kosa hili si la mwandishi wako peke yake, kwa maana nimelisikia kwa manahodha, kwa wageni wenye shahada zao, na zamani kidogo nililibeba mwenyewe kichwani. Nadhani linatokana na neno lenyewe. Tukisema maji ya bahari ni "mazito", sikio letu husikia mzigo, na mzigo kazi yake ni kuelemea. Basi mtu hudhani kwamba bahari humkandamiza na ziwa humwachia. Lakini uzito wa maji haumkai mzamiaji mgongoni. Kila kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji ambayo kitu hicho kimeyaondoa mahali pake, na hii ndiyo kanuni ya Archimedes tunayofundishwa sekondari na kuisahau siku ya mtihani. Maji yakiwa mazito zaidi, msukumo wa kwenda juu unakuwa mkubwa zaidi. Bahari hubeba, ziwa hubeba kidogo kuliko bahari.

Kidogo kiasi gani? Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban gramu 1,025, na lita moja ya maji ya ziwa takriban gramu 1,000. Joto letu la kitropiki huyapunguzia maji yote mawili gramu chache, lakini tofauti iliyopo kati yao hubaki ileile, sehemu moja katika arobaini. Ziwa Tanganyika lina madini yaliyoyeyuka zaidi ya maziwa mengi, hata hivyo ni kama nusu gramu tu kwa lita, ilhali bahari ina gramu 35 hivi, kwa hiyo mzamiaji hana sababu ya kuyahesabu.

Nichukue mwili wangu kuwa mfano. Nina kilo 72, na nikivaa suti fupi ya mpira ya kuzamia yenye unene wa milimita tatu, mapezi ya miguuni, miwani na mkanda wenye risasi kilo tatu, jumla yangu hufika kama kilo 80. Ili nitulie majini bila kupanda wala kushuka, yapasa mimi na vifaa vyangu tuondoe maji yenye uzito wa kilo 80. Baharini kazi hiyo hufanywa na lita 78 na kitu. Nikiingia ziwani na mwili uleule na vifaa vilevile, lita zilezile 78 zina uzito wa kilo 78 tu, na kilo mbili zinazobaki hazina wa kuzibeba isipokuwa miguu yangu. Hesabu ya haraka ninayowafundisha vijana wangu ni kugawanya uzito wote, mwili pamoja na vifaa, kwa 40: mwenye kilo 60 aondoe kilo moja na nusu, mwenye 80 aondoe mbili, mwenye 100 aondoe mbili na nusu. Anayetoka ziwani kwenda baharini aongeze kiasi hichohicho. Na jibu likiangukia katikati ya vipande viwili vya risasi, anayekwenda ziwani aondoe kile kikubwa, kwa sababu risasi nayo huondoa maji kidogo, na kilo moja ikitolewa mkandani humpunguzia mtu mzigo wa gramu kama 910, si kilo nzima.

Wapo watakaosema kwamba sehemu moja katika arobaini ni jambo dogo la kubishania. Nawaelewa, kwa sababu shuleni tulionyeshwa yai lililozama katika glasi ya maji kisha likaelea baada ya kutiwa chumvi, nasi tukaondoka tukiamini kwamba kuzama na kuelea ni mambo ya tofauti kubwa. Mwalimu hakutuambia kwamba alitia chumvi nyingi kupita ya baharini, na kwamba yai bichi la leo huzama hata ukilitosa pale bandarini Malindi, Unguja. Tofauti ya bahari na ziwa kweli ni ndogo kwa yai. Kwa meli imetosha kuandikiwa sheria: ubavuni mwa meli ya mizigo kuna alama inayoitwa kwa jina la Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza aliyepigania sheria ya mwaka 1876 dhidi ya meli kujazwa kupita kiasi, na pembeni ya alama hiyo huchorwa mistari inayoonyesha meli iruhusiwe kuzama hadi wapi katika maji ya aina gani. Mstari wa maji yasiyo na chumvi huwa juu ya ule wa bahari. Meli inayotoka Atlantiki na kupanda Mto Kongo hadi Matadi huzidi kuzama kidogo kadiri inavyoiacha chumvi nyuma yake, pasipo kuongezewa hata gunia moja. Meli inaweza kuvumilia hayo, kwa kuwa ina ubavu mrefu uliobaki nje ya maji. Mtu mwenye miwani na mrija amebakiza nje kisogo na ncha ya mrija.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo penye kiini cha barua yangu. Kilo mbili majini ni sawa na lita mbili za pumzi. Mwanamume mzima akivuta hewa hadi mwisho, mapafu yake hubeba kama lita sita, lakini mtu aliyetulia huvuta na kutoa nusu lita tu kila mara. Mzamiaji aliyezidishiwa kilo mbili hujikuta, bila kujua sababu, akizuia lita mbili za ziada kifuani na kupumua juujuu ili asizame, na upumuaji huo huchosha, huleta wasiwasi, na wasiwasi humfanya apumue vibaya zaidi. Akiukohoa mrija uliojaa maji, pumzi ile hutoka, na papo hapo anashuka. Sasa mchukue mtu aliyefuata ushauri wa makala yenu. Ilimpasa kuondoa mbili, naye ameongeza mbili; amezidisha kilo nne, ambazo ni lita nne za hewa, yaani theluthi mbili ya mapafu yote aliyopewa na Mungu.

Kwa wale wanaopenda kujitosa chini kidogo kutazama miamba, hatari ni ya aina nyingine. Hewa iliyomo kifuani husinyaa kadiri kanieneo ya maji inavyoongezeka, na katika mita 10 mapafu ya lita sita hubaki na lita tatu hivi. Mtu aliyejipima vizuri baharini huhesabu kwamba hadi mita 10 maji bado yanamrudisha juu, na kupita hapo ndipo huanza kuzama mwenyewe; wazamiaji wa pumzi moja huupanga mkanda wao kwa kufuata kina hicho. Mtu huyohuyo akiingia ziwani bila kubadilisha kitu, mpaka ule wa mita 10 hupanda hadi takriban mita mbili, ukihesabu mapafu peke yake. Chini ya mita mbili ziwa linamvuta, na Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na sehemu nyingi za ufuo wake huporomoka ghafla kama ukuta. Kwingineko mtu akizidiwa hutua mchangani mita nne chini na kusukuma kwa miguu. Hapa anaweza kukosa mchanga wa kutua.

Nilisema kosa hili nililibeba mwenyewe. Wiki yangu ya kwanza Kigoma nilishuka kutoka kwenye boti na mkanda wangu wa Mnemba, kilo tatu kama siku zote, mbele ya wageni wanne waliokuwa wakisubiri niwaonyeshe njia. Mara nikaona mrija unajaa maji kila nikitoa pumzi. Nikaongeza teke la mapezi. Nilipoacha teke, uso ukazama. Nikasingizia safari ndefu ya treni, kisha nikasingizia mwinuko, kwa kuwa ziwa hili liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 770, kisha nikasingizia umri. Mwenzangu wa botini, kijana wa Ujiji ambaye hajawahi kuiona bahari, ndiye aliyeniuliza kwa nini nimejifunga chuma kizito namna ile kiunoni. Nilifyatua bizimu, nikampa mkanda mkononi, na maji yakatulia. Alasiri ile nilikaa ufukweni na kijiti, nikaipiga mchangani hesabu niliyoieleza hapo juu, na tangu siku hiyo mkanda wangu wa Kigoma una kilo moja.

Hesabu, hata hivyo, ni ya kuanzia tu. Miili haifanani: mafuta huelea, misuli na mifupa huzama, na suti mpya yenye vijipovu vingi huelea zaidi ya suti kuukuu iliyokwisha kubanwa na miaka. Suti humbadilisha mtu kuliko chumvi. Anayeacha suti nzima ya milimita tatu na kuvaa fulana ya kuogelea amepoteza kuelea kwa kilo mbili au zaidi, na ikiwa siku hiyohiyo amehama kutoka baharini kwenda ziwani, amepoteza mara mbili. Kwa hiyo kila anayebadili maji au vazi apimwe upya kabla ya kwenda kwenye kina, na kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Asimame katika maji yanayomfika kifuani, akiwa amevaa vifaa vyote na mwenziwe akiwa karibu naye. Avute pumzi ya kutosha, akunje miguu na kutulia bila kupiga teke: paji la uso libaki juu ya maji. Kisha aitoe pumzi taratibu kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kazi. Ikiwa hata baada ya hapo bado anaelea, japo kwa utosi, mkanda unafaa. Ikiwa anashuka, nusu kilo itolewe na kipimo kirudiwe, hata kama hesabu ya karatasini ilisema vingine. Sababu ya kupima kwa pumzi iliyotolewa ni kwamba mtu anayezimia majini hazimii na mapafu yaliyojaa. Aliyepimwa hivi akizimia karibu na uso wa maji hubaki pale anapoonekana na kufikiwa. Aliyezidishiwa risasi huondoka.

Wapo watu wembamba wenye misuli, na vijana wetu wengi wako hivyo, ambao wakitoa pumzi huzama ziwani hata wasipofunga kitu. Hao risasi si yao kabisa. Wapewe suti nene zaidi au jaketi okozi lililojazwa hewa kidogo. Na ikiwa nitaruhusiwa kusema lililo wazi, wageni wengi wanaotaka tu kulala kifudifudi juu ya maji na kutazama chini hawahitaji hata gramu moja ya risasi, iwe Mnemba, iwe Gombe, iwe Matema katika Ziwa Nyasa. Nimeona mahali fulani pwani, sitapataja, ambapo kila anayelipia boti hufungwa mkanda wa kilo nne bila kuulizwa ana kilo ngapi wala amevaa nini, kwa sababu mikanda imekwisha pangwa hivyo tangu asubuhi. Baharini tabia hiyo imesamehewa na chumvi. Ikihamia ziwani haitasamehewa.

Jambo la mkanda nalo halikuguswa na makala. Mkanda wa risasi huvaliwa mwisho, juu ya vitu vyote, na hufungwa kwa bizimu inayofyatuka kwa mkono mmoja, ili mwenye kuelemewa autupe na kupanda. Siku hizi naona vijana wakizitunga chubwi za nyavu katika kamba ya katani na kuzifunga kiunoni kwa fundo. Fundo la katani likilowa haliachii, na mtu aliyeishiwa pumzi hana vidole vya kufungua mafundo. Wazamiaji wa lulu wa Ghuba ya Uajemi, ambao miongoni mwao walikuwamo watu wengi wenye asili ya pwani yetu, walishuka kwa jiwe lililofungwa mguuni kwa kamba, lakini walipofika chini waliutoa mguu, na jiwe likavutwa juu na mwenzao aliyebaki chomboni. Walijua kwamba uzito ni wa kushukia, si wa kurudi nao. Mkanda ukitupwa ziwani umepotea, ni kweli, na risasi haipatikani kirahisi Kigoma. Ndiyo maana baadhi ya waongozaji huwakemea wageni wasiufyatue ovyo. Kukemea huko kukome.

Kwa wasomaji wako walio kwingine, niongeze machache. Anayezamia upande wa Mafia unaotazama Rufiji wakati wa masika aelewe kwamba maji ya mto hutandaa juu ya yale ya bahari, na anaweza kuanza katika maji yasiyombeba sana kisha, mita chache chini, akakuta bahari yenyewe. Apime juu, mahali atakapopumulia. Walio Ghuba wana maji yenye chumvi zaidi ya yetu, kama gramu 40 kwa lita, lakini kwa mtu wa kilo 80 tofauti na Zanzibar haifiki hata nusu kilo, hivyo kipimo cha pumzi kitaimaliza. Wanaotoka huko kuja Kigoma moja kwa moja ndio hasa wasome barua hii mara mbili.

Kuna pia tatizo la jina. Vitabu huyaita maji ya ziwa "maji baridi", na watu wa visiwani tumezoea kuyaita "maji matamu". Mgeni mmoja wa Dar es Salaam aliambiwa kwa simu kwamba Kigoma atazamia katika maji baridi, akanunua suti nene ya milimita tano akiogopa kutetemeka, na akaja na risasi za kuizamisha. Maji ya juu ya ziwa letu ni ya joto la kuogea, nyuzi 24 na zaidi kwa mwaka mzima. Mwandishi atakaporudi kuandika, nashauri atumie "maji yasiyo na chumvi", japo ni maneno marefu, kwa sababu hapa chumvi ndiyo inayobadili hesabu.

Naomba, Ndugu Mhariri, sahihisho lichapwe katika ukurasa uleule wa utalii na kwa herufi za ukubwa uleule, wala lisingoje toleo la mwisho wa mwezi. Jumamosi iliyopita alinijia baba mmoja na mwanawe wa miaka 14, wote wawili waogeleaji wazuri, akiwa amekunja kipande cha gazeti lako mfukoni, akanionyesha kwa kidole mstari ule na kuomba mkanda wa kila mmoja uongezwe kilo mbili. Nilimpima mwana kwanza. Hakuhitaji risasi yoyote.

Wako,
Mwongoza wageni majini,
Kigoma.